Wanne Waliobeba Godoro

Somo: Marko 2:1-12



 Tunamshukuru Mungu aliyetulinda hata mwezi huu, sisi tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao leo tunamwabudu kwa lugha moja hapa Marekani.

Habari ya yule mwenye kupooza tunaijua tangu tukiwa watoto wa shule ya Jumapili. Bwana Yesu alikuwa nyumbani kule Kapernaumu, na watu walijaa hata mlangoni. Uponyaji ulikuwamo ndani, wala haukuuzwa. Lakini mtu yule hakuweza kuufikia kwa miguu yake. Watu wanne wakambeba, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha. Marko anatuambia kwamba Bwana aliiona imani yao, yaani ya hao waliobeba. Hata majina yao hatuyajui.

Mwezi huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watashangaa kulikuta katika mahubiri, nalo ni simu. Katika nchi hii asiye na simu ni kama mtu aliyefungiwa nje. Hospitali humwita mgonjwa kwa simu, mwenye kazi humwita mfanyakazi kwa simu, na shule hupeleka habari za watoto kwa intaneti. Na mama ambaye mwanawe amebaki kambini, ataisikiaje sauti yake?

Serikali ya Marekani ililiona jambo hili zamani. Mwaka 1985 iliweka mpango uitwao Lifeline, ili kuwapunguzia maskini gharama ya simu ya nyumbani. Mwaka 2005 simu za mkononi za kulipia kabla zikaanza kuingizwa, na mwaka 2016 ikaamriwa intaneti nayo iingie. Mpango huu hupunguza hadi dola 9.25 kwa mwezi. Apokeaye SNAP, Medicaid, SSI au nyumba ya serikali anaweza kuomba. Asiyepokea msaada wowote kati ya hiyo anaweza kuomba kwa mapato yake, yakiwa hayapiti asilimia 135 ya kipimo cha umaskini cha serikali. Kuomba hakulipiwi hata senti moja.

Basi mlango uko. Kwa nini wengi wetu wako nje?

Hapa hatuna budi kuungama. Kulikuwa na mpango mwingine, ulioitwa ACP, ulioanza mwisho wa mwaka 2021. Huo ulitoa hadi dola 30 kila mwezi kwa ajili ya intaneti, na nyumba zaidi ya milioni 23 ziliingia. Sisi tuliutangaza mara moja tu baada ya ibada, katikati ya tangazo la kwaya na tangazo la mazishi, tukagawa karatasi, tukaenda zetu. Tulidhani kutangaza ndiko kubeba. Tarehe 7 Februari 2024 maombi mapya yakafungwa, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo mpango ukakoma, maana fedha zilikwisha. Baadaye mjane mmoja wa parokia yetu alitufunulia Biblia yake, na karatasi ile ilikuwamo, imekunjwa vizuri. Ilikuwa ya Kiingereza. Hakuweza kuisoma, akaona haya kuuliza. Miezi yote ile alikuwa akingoja tumwulize sisi.

Tangu siku hiyo tumeweka meza ukumbini kila Jumapili, na vijana wetu wasomao Kiingereza vizuri hukaa hapo. Wamejifunza mambo ambayo tangazo lisingeweza kuyaeleza. Msaada ni mmoja kwa kila nyumba, lakini kwa mpango huu nyumba ni watu wakaao pamoja na kushirikiana mapato na matumizi. Kwa hiyo jamaa mbili zilizopanga pamoja, kila moja ikijilisha yenyewe, zaweza kuomba kila moja kwa nafsi yake, nazo hujaza karatasi ya kulieleza hilo. Tena, kukubaliwa peke yake hakuleti simu; yampasa mtu achague kampuni na kujiandikisha kwake katika siku 90. Simu isiyolipiwa kitu, isipotumika kwa siku 30, mtu huonywa, kisha huondolewa. Na kila mwaka yapasa kuthibitisha upya. Wengi wamepoteza simu kwa sababu barua ya kuwauliza ilidhaniwa ni ya matangazo ya biashara, ikatupwa. Ndugu, usitupe barua usiyoweza kuisoma. Ilete mezani.

Tunawaonya pia: msimpe mtu wa njiani namba zenu za siri kwa kuwa amewaahidi simu ya bure. Na ninyi mnaokaa mezani, mapato ya mtu ni siri yake. Mliyoyasikia pale yabaki pale. Wale wanne hawakumcheka mgonjwa walipokuwa wakimteremsha.

Wako wasemao, "Mimi si mwombaji." Tunaiheshimu sauti hiyo, maana ni ya watu waliolima na kula jasho lao. Lakini mwenye kupooza naye aliteremshwa mbele ya macho ya watu wengi, na hakurudi kwake na aibu. Alirudi akilibeba godoro lake mwenyewe. Fedha za Lifeline hutokana na mchango wa makampuni ya simu, ambao mara nyingi huandikwa katika ankara za wateja wao. Basi ninyi mnaolipa simu zenu kila mwezi, huenda fedha yenu imekwisha kumfikilia jirani. Iliyobaki ni mikono yenu.

Hatuwaombi sadaka nyingine mwezi huu. Tunawaomba saa moja. Ajuaye kusoma na akae karibu na asiyejua. Mwenye gari na amlete mzee wake. Umoja wa Mama wapite nyumba kwa nyumba, wala wasiulize, "Je, mlisikia tangazo?" bali waulize, "Karatasi yenu iko wapi, tuijaze pamoja?"

Mungu atupe mabega ya kubeba, na macho ya kumwona aliye nje ya mlango. Amina.

Sisi watumishi wenu katika Bwana.