Kuonya Juu ya Bidhaa Bandia: Je, Ni Kusengenya?

Yaulizwa: mtu aliyeuziwa dawa ya bandia, akawahadharisha jirani zake, je, amesengenya? Twajibu kuwa sivyo. Imamu Nawawi, alipoyataja mambo yanayohalalisha kumtaja mtu kwa aibu yake, aliweka miongoni mwayo kuwahadharisha watu na madhara.

Lakini wengi wetu hugundua kuwa tumedanganywa, tukaona haya, tukanyamaza. Na muuzaji humgeukia mnunuzi wa pili. Hapa Kenya iko sheria ya mwaka 2008 ya kupiga vita bidhaa bandia, nayo alama ya Shirika la Viwango ina nambari ambayo mtu aweza kuihakikisha kwa simu. Hata hivyo, serikali haiwezi kuweka mkaguzi katika kila duka. Atakayetambua mwanzo ni mnunuzi.

Ila kuonya kuna adabu yake. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikosoa sheria hiyo kwa kueleza maana ya bandia kwa maneno mapana, yawezayo kuzikumba hata dawa halali za bei nafuu wanazozihitaji wagonjwa wa ukimwi. Basi si haki kukiita bandia kila kilicho rahisi. Na aseme mtu alichokiona: chupa gani, nambari gani, siku gani, asiongeze uvumi. Amjulishe na muuzaji, kwani huenda naye amedanganywa, kisha apeleke habari kwa wenye mamlaka.

Anayejua haya akanyamaza, na mtoto wa jirani akanyweshwa dawa hiyo, yampasa ajiulize atamjibu nini mzazi wake.