Mwenye Kuacha Tumbaku Asiachwe Peke Yake

Somo: Kutoka 17, mstari wa 8 hata wa 13



Habari ya vita vya Refidimu twaijua tangu utoto. Yoshua alipigana na Waamaleki, naye Musa alikuwa kilimani. Alipoinua mkono wake Israeli walipata nguvu. Aliposhusha, adui walipata nguvu. Lakini Musa alichoka. Mtu huyu alikuwa amekwisha kusimama mbele ya Farao na kuvuka bahari, wala Mungu hakumwacha. Hata hivyo mikono yake ilichoka kama mikono ya mtu ye yote. Tena angalieni: Haruni na Huri hawakumkemea kwa kuchoka kwake. Walitafuta jiwe, wakamketisha, kisha kila mmoja akategemeza mkono mmoja mpaka jua lilipokuchwa.

Mwezi huu tulitie somo hili katika jambo lililo karibu nasi. Katika sharika zetu wako watu waliofungwa na tumbaku, wengine kwa sigara, wengine kwa kiko, wengine kwa ugoro. Wengi wao wataka kuiacha. Wameahidi mara nyingi, na mara nyingi wamerudi.

Madhara yake yamejulikana siku nyingi. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha jinsi uvutaji unavyofuatana na saratani ya mapafu. Baadaye waliwachunguza waganga wa nchi ile, na habari za miaka 50 zilitolewa mwaka 2004: wavutaji wa sigara walikufa kwa kadiri ya miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kabisa. Lakini habari ile ilikuwa na furaha pia. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijipatia kadiri ya miaka 3. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alipata 6. Na wa miaka 40 alipata 9. Basi mzee asiseme, Nimekwisha kuchelewa.

Ikiwa faida ni kubwa hivi, mbona watu hurudi? Wahenga walisema, Mazoea yana taabu. Katika tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini, ambacho kwa njia ya moshi hufika katika ubongo kwa muda wa nukta chache tu. Ubongo hukizoea, na kikikosekana hukidai kama mwenye deni. Ndipo mtu huona hasira bila sababu, usingizi humpaa, moyo hautulii, hula kupita desturi yake, na kazi ya akili humshinda. Mambo haya huwa makali hasa katika siku 2 au 3 za kwanza, nayo hukaza katika juma la kwanza; kisha hupungua polepole kwa muda wa majuma 3 au 4. Hata katika siku zile ngumu, tamaa huja kama wimbi: hupanda, hukaa dakika chache, hushuka. Mwenye kuvuka dakika zile amevuka wimbi moja.

Sasa mwaona mahali pa Haruni na Huri. Mtu aliye peke yake katika dakika zile hushindana na mwili wake mwenyewe, na mkono wake unachoka. Waliochunguza mambo haya wameona ya kuwa wanaoacha pamoja katika kikundi hufaulu zaidi kuliko yeye anayetegemea kitabu cha mashauri tu. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuacha, msifiche. Chagueni siku moja, wawili au watatu pamoja. Siku ile ikifika, toeni nyumbani sigara zote, na kiko, na sahani ya majivu. Mwenzako akisema, Imenijia, ondoka mwende pamoja mpaka kisimani, au mpe maji anywe, au mzungumze habari za shamba, mpaka wimbi lishuke. Jioni mwulizane kwa kweli, Leo ilikuwaje? Kisha mwombe pamoja. Tena, mkipewa dawa hospitalini za kupunguza tamaa hii, zipokeeni kwa shukrani. Kutumia dawa si upungufu wa imani; hata Musa alipewa jiwe la kukalia.

Na wa nyumbani mwake wajue ya kuwa ukali wa juma lile si chuki. Mama asipime upendo wa mumewe kwa maneno ya siku ya tatu. Rafiki asimpe sigara kwa mzaha, wala asivute mbele yake.

Nina neno zaidi kwenu, walimu na wazee wa kanisa. Mtu aanguka siku ya nne. Avuta sigara moja nyuma ya nyumba. Siku ya Bwana haonekani kanisani, maana aliahidi mbele ya watu na sasa aona haya. Hapo pana hatari kuu kuliko ya mapafu. Aibu itamfundisha kwamba nyumba ya Mungu ni ya walioshinda tu. Ndugu, twamhubiri nani? Hakuna anayehesabiwa haki kwa kuacha tumbaku, wala hakuna aliyetupwa na Kristo kwa kuangukia sigara moja. Tumeokolewa kwa neema, na kwa sababu hiyo twaweza kusema kweli juu ya udhaifu wetu bila hofu. Basi mwendeeni kabla ya jua kuchwa. Msimwulize mbona ameanguka, bali mwulizeni saa gani ilikuwa ngumu, mpate kuwa pamoja naye kesho saa ile ile. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

Kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye mkono wake umechoka, akae karibu naye. Naye Mungu aliyewapa Israeli ushindi kwa mikono iliyotegemezwa na wengine, atupe sisi nasi nguvu ya kutegemeza, na unyenyekevu wa kutegemezwa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.