Pengo na Mwenye Pengo

Kuna maneno ambayo lugha yetu huyatamka kila panapotokea msiba, hata yamechakaa kama kamba ya nanga: "Ameacha pengo lisilozibika." Tunayasikia matangani na tunayasoma magazetini. Kisha siku arobaini hazijatimia tunaona kiti kimepata mkaaji, duka limepata muuzaji, na jahazi limepata nahodha. Je, tulisema uongo? Ama yapo mapengo mawili, moja huzibika na la pili halizibiki, nasi tumezoea kuyaita yote kwa jina moja?

Swali hili huwa zito zaidi pale ambapo aliyeondoka hakufa. Maiti haoni ni nani aliyekaa kitini pake. Majeruhi yu hai. Amelala kitandani, mguu umefungwa, na anazisikia shangwe za kumkaribisha aliyechukua mahali pake. Tuna wajibu gani kwake? Na tuna wajibu gani kwa huyo aliyeingia? Nimeona vyema kulitazama jambo hili kwa mfano wa mchezo wa mpira, kwa sababu mpira huyatenda haraka na hadharani yale ambayo maisha huyatenda polepole na kwa siri. Lakini kabla ya kiwanja, tupite shambani.

Mtunda ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, katika nchi ya Mto Rufiji, mto ambao huko mbele hugawanyika mikono mingi kabla ya kumwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Katika nchi hii ya mafuriko na mpunga, mkulima hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, akakaa humo kulilinda shamba. Mchana huamia ndege. Usiku hukesha kwa ajili ya nguruwe na viboko. Mpunga uliokwisha kutia punje hauna subira. Mwenye shamba akivunjika mguu asubuhi, sharti mtu mwingine apande dungu jioni ileile, kwani nguruwe hasomi cheti cha daktari. Wala hapana atakayesema kwamba mgonjwa amesalitiwa. Usaliti ungekuwa kuliacha dungu tupu, kisha kumletea mgonjwa pole pamoja na habari ya njaa.

Basi fundisho la kwanza la dungu ni hili: kuijaza nafasi si dhambi, na mara nyingi ni faradhi. Lakini lipo na la pili. Anayepanda dungu la jirani yake hasemi "shamba langu". Hupata fungu lake la haki kwa kazi aliyoifanya, naye hushukuriwa, lakini mpunga unabaki na jina la aliyeulima. Nafasi imejazwa, na mtu hakufutwa.

Sasa twende mjini, kwenye lango ambalo halilindwi dhidi ya nguruwe bali dhidi ya watani. Aishi Manula alitoka Azam kwenda Simba mwaka 2017, akawa mlinda mlango wa kwanza wa klabu hiyo na wa timu ya taifa pia. Mwezi Aprili 2023 aliumia. Akaingia langoni Ally Salim, kijana aliyezoea benchi kuliko nyasi. Tarehe 16 Aprili Simba ikaifunga Yanga mabao 2-0, naye ndiye aliyekuwa golini. Siku chache baadaye akasimama mbele ya Wydad ya Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ikashinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa idadi hiyohiyo Morocco, na ikatolewa kwa penalti. Hapo kijana wa dungu alikuwa amekesha vya kutosha.

Hata hivyo klabu iliingia sokoni. Ilimleta mlinda mlango kutoka Brazil, Jefferson Luis; naye akaumia katika kambi ya maandalizi nchini Uturuki, akaachwa kabla msimu haujaanza. Ikamleta Ayoub Lakred kutoka FAR Rabat ya Morocco. Na mwezi huohuo wa Agosti, tarehe 13, katika uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, Ally Salim yuleyule aliokoa penalti tatu za Yanga, na Ngao ya Jamii ikaenda Simba. Mwaka uliofuata, 2024, Lakred naye aliumia katika maandalizi ya msimu nchini Misri, klabu ikamchukua Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Ndiye aliyekuwa langoni hapa Unguja, katika uwanja wa Amaan, tarehe 25 Mei 2025, Simba ilipotoka sare ya 1-1 na RS Berkane katika fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, baada ya kufungwa 2-0 katika ile ya kwanza. Mwaka huohuo Manula akarejea Azam, alikotoka.

Angalia, msomaji, mnyororo huu: mbadala wa mbadala wa mbadala. Kila aliyeletwa kuponya jeraha alileta mwili, na mwili hauna hati ya dhamana. Soko linaweza kumuuzia mtu ustadi. Haliwezi kumuuzia goti lisilovunjika.

Usidhani kwamba haya ni ya kwetu tu. Kule Marekani, katika ule mpira wao wa kubeba mikononi, yupo mchezaji aitwaye quarterback, ambaye kila shambulio huanzia mkononi mwake. Tarehe 30 Agosti 2016 Teddy Bridgewater wa Minnesota Vikings aliumia goti vibaya sana mazoezini. Siku nne baadaye klabu yake ilimpata Sam Bradford kutoka Philadelphia, na kwa ajili yake ilitoa haki yake ya kuchagua kijana katika awamu ya kwanza ya mwaka 2017, pamoja na haki nyingine ya baadaye. Yaani iliuza kesho ili kuiokoa leo. Mwaka wa pili Bradford naye akasumbuliwa na goti, na Case Keenum, ambaye hakununuliwa kwa bei kubwa, akaifikisha timu hatua moja tu kabla ya fainali kuu.

Atakuja mtetezi wa viongozi wa klabu aseme: "Unataka nini? Timu ni amana ya watu wengi. Mashabiki wamelipa viingilio, wachezaji wenzake wana haki ya kushinda, na majeruhi anaendelea kulipwa mshahara wake. Huruma haizuii bao." Hoja hii ni nzito, nami sitaki kuipita kwa mbio. Ni kweli kwamba anayeumia hana haki ya kuwataka wengine wote waumie pamoja naye. Kiongozi anayeliacha lango tupu kwa kuona haya huwa amejionyesha mwema kwa gharama ya wengine.

Lakini hoja hiyo inajibu swali la nafasi, ilhali sisi tumeuliza la mtu. Kulipa mshahara ni kutimiza mkataba. Deni tunalolizungumzia ni jingine, na nionavyo mimi lina wadai watatu.

Wa kwanza ni majeruhi. Yeye anatudai matibabu, na zaidi ya matibabu anatudai ukweli: aambiwe waziwazi kwamba mahali pake pamejazwa, kwa muda gani na kwa masharti gani, asiyasome magazetini. Tena anatudai namna ya kurudi. Bridgewater alirudi uwanjani tarehe 17 Desemba 2017, dakika za mwisho, timu yake ikiwa imekwisha kushinda. Umati ukasimama kumpokea, na hata kosa alilolifanya halikumdhuru mtu. Manula alirudi langoni katika mechi ya watani ya tarehe 5 Novemba 2023, na Simba ikafungwa 5-1. Sisemi kwamba mabao yale yalikuwa yake. Mabao matano huwa ya timu nzima, na siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira aliondolewa. Nasema tu kwamba aliyetoka kuuguza jeraha asipewe usiku wa kwanza wenye viboko wengi.

Mdai wa pili ni yule aliyekuwapo. Huyu husahaulika kuliko wote. Alipanda dungu bila kuitwa jina, akakesha, kisha akashushwa kwa heshima ya mgeni aliyetoka mbali. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Pengine mgeni ni hodari zaidi, na kiongozi ana haki ya kumchagua. Lakini ni dhuluma kuupima ustadi kwa umbali wa safari na ukubwa wa bei, na kumfanya kijana wa nyumbani awe kiraka cha kudumu, kitu cha kuziba tobo mpaka nguo mpya ifike.

Mdai wa tatu ni mgeni mwenyewe. Katika michuano ya vijijini, Mtunda na kwingineko, timu iliyopungukiwa huazima mchezaji wa nje, na wapinzani humwita mamluki. Neno hilo ni kali, nalo humwonea mtu ambaye pengine kosa lake ni kuitika alipoombwa msaada. Lugha yetu ina maneno bora zaidi. Tunasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali haisemi mgeni njoo, mwenyeji aondoke. Na wanazuoni wanalo neno badali: asiyejiweza kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona anaweza kuhijiwa na mwingine, na kwa wengi wao sharti ni kwamba huyo badali awe amekwisha kujihijia nafsi yake. Mimi naona hekima kubwa ndani ya sharti hilo. Anayesimama badala ya mwingine lazima awe mtu kamili kwa nafsi yake kwanza, mwenye safari yake na jina lake. Tukimwita Lakred "Manula mpya", au Camara "Lakred mpya", tunawadhulumu wawili kwa tamko moja: aliyeondoka tumemfanya kitu kinachonakilika, na aliyekuja tumemfanya nakala.

Na hapa ndipo soko linapotutia mtihani. Orodha ya klabu ina kikomo. Katika ligi yetu ya msimu wa 2023/24 wachezaji wa kigeni hawakuruhusiwa kuzidi 12. Penye kikomo, kuandika jina jipya huweza kudai kufutwa kwa jina la zamani, na mkono unaofuta aghalabu hulitafuta kwanza jina la aliyelala. Kanuni haina ubaya wenyewe. Daftari lolote lina mwisho wa kurasa. Ubaya huanza pale tunapodhani kwamba aliyefutwa daftarini amefutwa pia katika hesabu ya wema, tukaacha kumjulia hali.

Kwa hiyo tukirudi kwenye maneno yale ya matangani, naona hatukusema uongo, bali tulisema nusu. Pengo la kazi huzibika, na ni wajibu wetu kulizibe mapema, kabla jua halijazama na nguruwe hawajashuka. Pengo la mtu halizibiki kwa sababu halikuwa tundu kamwe; lilikuwa uhusiano, na uhusiano hauna mchezaji wa akiba. Ukitaka kuijua klabu, au ofisi, au nyumba, usiangalie imemleta nani baada ya jeraha. Uliza ni nani aliyekwenda wiki ya tatu kumtazama aliyelala, wakati mgeni alipokuwa amekwisha kufunga mabao au kuokoa penalti, na hapakuwa tena na haja yoyote ya kwenda.