Uadilifu wa Saa ya Magharibi

Baada ya adhana ya Magharibi, majiko na pasi viwashwapo kwa pamoja na taa nyekundu ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ikakonyeza upesi upesi, huzuka suali la uadilifu: je, mtu atozwe kwa kadiri ya alichotumia, au pia kwa wakati alipokitumia? Nchini Tanzania, kwa bei za mwaka 2016, nyumba yenye matumizi madogo ililipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na zaidi ya hapo 350. Ilhali viwanda hutozwa pia kilele cha matumizi yao, ijapokuwa kilidumu kitambo tu. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, kwani mitambo hujengwa kukabili kilele. Walakini hukumu hiyo ikiletwa majumbani, mama apikaye wali saa moja usiku hakuichagua saa hiyo, njaa ya wanawe ndiyo iliyoichagua.