Jembe la Siku ya Tatu

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mara nyingi methali hii hutamkwa kwa kicheko. Mgeni amemaliza wiki, bado amejinyoosha barazani, na mwenyeji anakohoa kidogo kisha anaitupa hewani, mwenye sikio asikie. Ndiyo maana imezoeleka kuwa methali ya kufukuzia watu. Lakini ukiitazama sawasawa, humo ndani hamna kufukuzana. Anayetaka mgeni aondoke humpa nauli, humfungia masurufu ya njiani, akamsindikiza hadi njia panda. Hampi jembe. Jembe hupewa mtu anayetazamiwa kuwepo mvua zikinyesha, palizi ikifika na mavuno yakianza.

Ni kweli, upo wimbo mrefu wa pwani unaomhesabia mgeni siku zake moja moja hadi ya kumi, na huko mwisho hufukuzwa bila huruma. Methali yenyewe haifiki huko. Inasimama kwenye jembe, na uzito wake wote uko hapo iliposimama.

Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika maandishi yake kuhusu Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii za jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi na hapakuwa na nafasi ya kunyonya jasho la mwenzako. Aliongeza jambo ambalo wafafanuzi wengi hulipita: aghalabu mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa aliijua desturi na angeona haya kukaa bure. Kwa hiyo heshima ni ya pande mbili. Mwenyeji anamheshimu mgeni kwa kumwamini na shamba lake, shamba ambalo ndilo chakula cha watoto wake. Mgeni naye anamheshimu mwenyeji kwa kukubali kuchafuka. Siku mbili za kwanza ni za ukarimu. Ya tatu ni ya kuaminiana, na kuaminiana ni kugumu kuliko ukarimu.

Pengine hakuna mgeni anayepimwa na methali hii kwa ukali kama mmisionari. Mfanyabiashara ana mzigo wake, ukiisha atarudi. Bwana harusi ana wakwe. Mmisionari huja bila biashara, bila undugu, na mara nyingi bila tarehe ya kurudi. Miaka inakatika, na siku moja anaamka akiwa na miaka 40, 50 au 60 katika nchi ambako hakuna aliyemwona akitambaa. Nyumbani kwao siku hiyo ina mashahidi: mama, dada, jirani aliyemjua tangu utotoni. Ugenini haina shahidi isipokuwa yule aliyewahi kumuuliza alizaliwa lini na akalikumbuka jibu.

Chukua wiki moja ya Januari 1850 pale Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Tarehe 11 Johann Ludwig Krapf alitimiza miaka 40. Siku tano baadaye, tarehe 16, mwenzake Johannes Rebmann akatimiza 30. Wote wawili walikuwa watu wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, mmoja wa Derendingen na mwingine wa Gerlingen, na wote walitumwa na CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na kichanga chao mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Kaburi lipo hadi leo ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Majuma machache kabla ya kutimiza miaka 40 alikuwa Ukambani, na Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro tangu Mei 1848, na huko London walikuwepo wasomi waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta.

Krapf alikuwa na barua ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, lakini barua haimpi mtu kiwanja kilimani. Wazee wa Rabai ndio waliokaa, wakasikiliza, wakawakubalia wageni hao mwaka 1846. Walihamia wakiwa wagonjwa wa homa wote wawili, na nyumba yao ikajengwa katika hali hiyohiyo.

Walikuja wakiamini kwamba kazi yao ni kuhubiri. Kwa miaka mingi waongofu walihesabika kwa vidole. Kazi waliyokabidhiwa na wenyeji, kama kuna mtu aliyeiita kazi wakati ule, ilikuwa kujifunza: kukaa chini na wazee, na vijana, na watumwa, kuuliza jina la kila kitu na kusahihishwa. Salimini, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa aliyeletwa pwani akiwa mtumwa, ndiye aliyemfundisha Rebmann lugha ya kwao. Kamusi iliyotokana na masomo hayo ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa ameshafariki. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf nayo ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekufa mwaka mmoja kabla. Vitabu hivyo viwili bado vinafunguliwa na watafiti. Hotuba zao za Jumapili nani anazikumbuka? Jembe lililozaa ni lile walilopewa.

Krapf aliondoka Rabai miaka ya 1850. Rebmann alibaki. Tarehe 16 Januari 1870, alipotimiza miaka 50, alikuwa na karibu miaka 24 pwani. Mkewe Emma alikuwa amefariki mwaka 1866 na amezikwa hukohuko, na macho yake mwenyewe yalikuwa njiani kufifia. Alirudi Ulaya mwaka 1875 baada ya miaka 29, akiwa kipofu. Aliyemshika mkono safarini ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mtoto wa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa pale. Rebmann alikwenda kuishi Korntal, jirani na Krapf, na akafariki Oktoba 1876. Hapo tafsiri ya kicheko inashindwa kabisa. Mgeni aliyekabidhiwa kazi na wenyeji hakufukuzwa. Alisindikizwa hadi kwao na mtoto wa waliomkabidhi.

Wapo wamisionari waliokosea, na historia ya misheni Afrika Mashariki haina budi kulisema hili waziwazi. Walikuja na jembe lao wenyewe. Walichagua shamba, wakapanga msimu, wakaamua ngoma ipi ipigwe na ipi izimwe, kisha wakawaweka wenyeji kuwa vibarua katika ardhi ya wenyeji. Methali inamnyima mgeni haki hiyo. Anayetoa jembe ni mwenye shamba, naye ndiye anayeonyesha mpaka. Mtu anaweza kukaa nchi ya watu miaka 40, akatimiza 70 huko, na bado akawa hajafika siku ya tatu, kwa sababu hakukubali kupewa kazi asiyoipanga yeye.

Siku ya tatu wala si suala la kalenda; wengine hata miaka ya kukaa hawakuipata. Bagamoyo, walikofika mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, yapo makaburi ya mapadre, mabruda na masista, na wengi waliolala pale walikufa vijana, homa ikiwa imewamaliza. Kwa watu wale kutimiza miaka 30 ilikuwa sikukuu kubwa. Ukitembea katikati ya misalaba ile na kusoma miaka iliyoandikwa, ndipo unapoelewa kwa nini wazee wa kimisionari walishukuru kwa sauti kila siku yao ya kuzaliwa ilipofika.

David Livingstone alitimiza miaka 60 tarehe 19 Machi 1873 katika vinamasi vya Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo, mvua zikiwa hazikatiki na yeye akivuja damu kwa maradhi ya tumbo. Alikuwa ameacha kutumwa na chama cha misheni tangu 1857, ingawa mwenyewe hakuacha kujiona mmisionari. Siku hiyo aliandika katika shajara yake kumshukuru Mungu kwa kumhifadhi hadi hapo. Hakukuwa na ndugu wala rafiki wa Ulaya. Walikuwepo Susi na Chuma, waliokuwa naye kwa takriban miaka kumi, na wenzao. Majuma sita baadaye alifariki katika kijiji cha Chitambo. Watu hao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hakuna aliyewaamuru. Katika miaka hiyo ya mwisho ya kutembea bila kutua, Livingstone hakupata kijiji cha kumpa shamba, lakini walikuwepo waliofanya naye kazi, na hao ndio waliokuwa shahidi wa miaka yake 60.

Leo mambo ni tofauti kwa sura. Padri Mzungu au sista wa Kihindi anapotimiza miaka 50 katika parokia ya Tanzania, kamati ya maandalizi huundwa miezi kabla, kadi za michango husambazwa, na siku yenyewe kuna misa ya shukrani, kwaya, vigelegele, risala, na ndafu anayeletwa mezani amesimama, majani mdomoni. Mgeni wa heshima huketi meza kuu, huvishwa kitenge au mgolole, hupewa mbuzi. Yote hayo ni mema na yanatoka moyoni. Lakini yana hatari yake: kiti cha meza kuu ndicho alichopewa siku aliyofika, na huenda miaka 20 imepita bila kiti hicho kusogea. Kumtukuza mtu kila siku ni njia ya adabu ya kutomkaribia.

Kuna dalili ndogo inayoeleza zaidi kama mtu si mgeni tena. Vijana wengi wa Afrika Mashariki humwagia maji mwenzao siku yake ya kuzaliwa. Humvizia akitoka chumbani, ndoo nzima mgongoni, kisha keki na kucheka. Mgeni hamwagiwi maji. Vijana wa kwaya wanapojificha nyuma ya ukuta wa nyumba ya mapadre wakisubiri padri wa miaka 50 atoke na kanzu yake safi, wanajua wanachofanya, na katekista mzee anayewaona na kunyamaza anajua pia. Kulowa huko kuna maana kuliko risala.

Njia nayo sasa inapitika pande zote mbili. Parokia nyingi za Ujerumani zina mapadre kutoka India, Nigeria, Tanzania na kwingineko, wakiwemo walioko katika jimbo lilelile walikotoka Krapf na Rebmann. Padri wa Kitanzania anapokaribia miaka 50 huko, husubiri kamati, na kamati haiundwi. Hapongezwi hata siku moja kabla, kwa sababu Wajerumani wengi huamini kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni kumletea mkosi. Ndipo anapofahamu desturi ya kule: mwenye siku ndiye anayeandaa. Yeye ndiye analeta keki ofisini, yeye ndiye anaalika, yeye ndiye analipia vinywaji, hasa umri unapokuwa ule unaoishia na sifuri. Mwanzoni huumia, akidhani amesahauliwa. Wenzake waliotangulia humweleza: pika, waite, watakuja. Naye akipika pilau na kufungua mlango, anakuwa mwenyeji kwa mara ya kwanza tangu alipotua uwanja wa ndege, na walioalikwa ndio wageni wake. Kwa namna yao, wenye nchi wamemkabidhi jembe.

Umri mmoja bado ni mgumu kuliko yote. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka paroko anapotimiza miaka 75 aombe kung'atuka, na askofu ndiye anayeamua. Kwa mmisionari, keki ya miaka 75 huja pamoja na barua ya kung'atuka. Shirika lake huko Ulaya lina nyumba ya wazee, lina madaktari, na wadogo zake waliobaki wanampigia simu arudi. Wapo ambao hawakurudi. Albert Schweitzer, aliyeanzisha hospitali yake Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alitimiza miaka 90 hukohuko Januari 1965, akafariki Septemba ya mwaka huo na kuzikwa hapo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyeanza kazi Boga, Kongo, mwaka 1896, alifia hapo mwaka 1933, na aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijakwisha, wala si upande wa kwao.

Methali haikutaja siku ya kulirudisha jembe. Wenyeji wanapaswa kuisema wenyewe, na wengine wameisema vizuri: mzee aliyeacha uparoko amebakishiwa chumba chake, saa zake za kuungamisha, na wamisionari vijana wa kufundisha Kiswahili. Wengine wamemfanyia sherehe kubwa ya kuaga, wakampeleka uwanja wa ndege kwa basi zima la kwaya, bila mtu hata mmoja kumuuliza kama anataka kwenda.