Ulimi umesoma, akili je?

Ndugu Waislamu, juzi hapa Nguvumali, Tanga, mwanafunzi wangu alinisomea Suratul Maa'un. Tajwid safi, hakukosea hata irabu. Nikamwambia, maashaallah. Tulipotoka nikamkuta bombani akimnyima mwenzake kopo la kutekea maji. Punde tu ametoka kuisoma sura inayowakemea wanaonyima vitu vidogo vya kusaidiana!

Nilitaka kumkaripia, nikajiuliza: nani alimfundisha maana yake? Mimi sikumfundisha.

Kusoma kuna hatua. Jicho hutambua herufi, ulimi huzitamka, kisha akili huyaunganisha maneno na yale inayoyajua, ndipo maana hupatikana. Mtoto asiyejua Kiarabu haifikii hatua hiyo ya tatu bila kufunzwa, na walimu wengi tunaishia kwenye ulimi. Thawabu za kila herufi zipo, sizipingi. Lakini Surat Swaad, aya ya 29, inatueleza kuwa Kitabu kimeteremshwa ili aya zake zizingatiwe.

Tangu 1969 tunayo tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Mzazi, mwanao akitoka chuoni leo, usimuulize tu amefika wapi. Muulize ameelewa nini. Nami nimeanza upya, kwa Maa'un hiyo hiyo.

Allah atuwafikishe. Amin.