Mabakuli ya Wageni

Juzi nilinunua Darajani mabakuli manne ya kaure, yale yenye kina ya kulia tambi za supu, na vijiti vyake jozi nne. Nikarudi Nungwi kwa daladala nimeyapakata kama mtoto. Mama alipoyaona tu, akafungua kabati la vioo. "Haya ya wageni, mwanangu."

Wageni gani tena? Nungwi hii wageni wamejaa mahotelini, na vyombo vizuri wanalia kila siku. Sisi tunaowapikia tunarudi nyumbani kwenye sahani za plastiki, kaure ikitutazama kabatini.

Tabia hii ni kongwe. Mabakuli ya Uchina yalifika mwambao wetu kwa vyombo vya bahari karne nyingi nyuma, wenyewe wakayapanga kwenye vidaka vya ukutani, na hata kuyapachika makaburini, kama kule Kunduchi na Mambrui. Siwalaumu. Kilichovuka bahari kikivunjika, utakipata wapi? Na kumtolea mgeni kilicho bora ni ustaarabu, sibishi. Ila mtoto anayekua akijua chombo kizuri ni cha mtu ambaye bado hajafika, anajionaje yeye?

Ijumaa nikapika tambi za pweza, nikayatoa mabakuli bila kuomba ruhusa. Mama alikula kwa kijiko. "Hizo sindano za kufumia baki nazo mwenyewe."

Bakuli moja limeshamomonyoka ukingoni. Hajasema kitu, ila siku hizi analiosha mwenyewe, na halirudishi kabatini.